Fedha Ikae Wapi Katika Utumishi wa Miaka 35?

Mtumishi wa umma nchini Tanzania anayeajiriwa akiwa na miaka 25 na kustaafu kwa lazima akitimiza 60 hupokea mishahara 420. Wa kwanza hupangiwa mambo mengi kuliko unavyoweza kuyabeba, na wa mwisho humkuta mtu ambaye nguvu zimeshapungua. Kati ya hiyo miwili hupita maisha yake yote ya kazi: uhamisho, madaraja yaliyochelewa, watoto waliozaliwa na kusomeshwa, na wenzake waliokimbilia benki, migodini au kwenye biashara wakajenga nyumba ya pili yeye akiwa bado kwenye msingi. Mwalimu, muuguzi, bwana shamba au ofisa wa masijala aliyefika mwaka wa kumi na tano analijua vizuri swali linalomjia tarehe za katikati ya mwezi: hivi naihangaikia kazi hii kwa faida gani? Majibu mawili humfikia haraka. La kwanza ni la majukwaani: kazi yako ni wito, usitazame mshahara. La pili ni la kijiweni: kazi ni mshahara, mengine porojo. Makala haya yanayakataa yote mawili. Hoja yake ni kwamba fedha haiwezi kuipa kazi maana, ila inao uwezo mkubwa wa kuinyang'anya. Kwa hiyo anayetaka kutumikia muda mrefu bila kunyauka moyo hana budi kufanya mambo mawili kwa mpangilio. Kwanza aitengee fedha mahali pake, isije ikamwamulia kila kitu. Kisha aijenge maana kwa mazoea ya makusudi, kwa sababu maana haiji yenyewe pamoja na barua ya ajira.

Tuanze na kuuliza fedha hufanya nini hasa kwa mtu aliye kazini. Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu 203 wa eneo la Pittsburgh. Waliwaomba waeleze ni lini walijisikia vizuri mno kazini na ni lini walijisikia vibaya mno. Habari za kuudhika zilijaa sera mbovu za kampuni, usimamizi mbaya, mshahara na mazingira ya kazi. Habari za kufurahi zilihusu kufanikisha jambo, kutambuliwa, kupewa dhamana na utamu wa kazi yenyewe. Utafiti ule umepingwa sana, na baadhi ya mapingamizi yana haki, kwa kuwa binadamu hupenda kujipa sifa ya mafanikio na kuwabebesha wengine lawama za kushindwa. Lakini Indonesia ilikuja kutoa ushahidi mzito zaidi. Kwa sheria ya mwaka 2005, serikali ya nchi hiyo iliamua kuwalipa walimu waliothibitishwa posho iliyolingana na mshahara wao wa msingi, yaani kipato hicho kikawa maradufu. Watafiti wakachagua kwa bahati nasibu shule ambazo walimu wake wangeipata mapema, wakazilinganisha na nyingine. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba walimu waliopata nyongeza waliridhika zaidi na kipato chao, dhiki ya fedha ikapungua, na wachache zaidi wakawa na kazi ya pili. Wanafunzi wao, hata hivyo, hawakujifunza zaidi ya wanafunzi wa wenzao, hata baada ya miaka miwili na mitatu. Nyongeza iliondoa dhiki, na hilo ni jema kwa nafsi yake. Ari ya kufundisha ilihitaji kitu kingine.

Kutokana na hayo, wapo wanaorukia hitimisho kwamba fedha haina uzito. Hao nao wapunguze kasi. Mwaka 2010 Daniel Kahneman na Angus Deaton walitangaza, kwa takwimu za Wamarekani, kwamba furaha ya kila siku huacha kupanda kipato kinapofika kama dola 75,000 kwa mwaka. Kauli hiyo ikazunguka dunia nzima kama methali. Mwaka 2021 Matthew Killingsworth akaonyesha kwamba kikomo hicho hakionekani, na mwaka 2023 Kahneman na Killingsworth waliandika pamoja na kukubaliana kwamba kwa watu wengi furaha huendelea kupanda kipato kinapopanda. Kikomo huwaangukia hasa wale ambao tayari hawana furaha. Isitoshe, dola 75,000 ni kiasi ambacho mtumishi wetu wa kawaida hajawahi hata kukikaribia. Kima cha chini cha mshahara wa utumishi wa umma Tanzania kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai 2025. Kwa anayelipwa hivyo, shilingi 130,000 zilizoongezeka ni kodi ya chumba, ni sare na madaftari ya watoto, ni dawa za presha za mzazi aliyeko kijijini. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko, na miiko ndiyo uti wa mgongo wa utumishi. Mtu asiyejua watoto watakula nini kesho hawezi kudaiwa utulivu wa kumsikiliza mgonjwa wa hamsini kwa upole uleule aliompa wa kwanza.

Ndiyo maana ushauri wa kwanza katika makala yanayohusu maana ni ushauri wa fedha. Jiwekee kiwango cha kutosha, na ukiandike. Keti na mwenzi wako, mwandike gharama halisi za mwezi: chakula, kodi au ujenzi, ada, nauli, matibabu, msaada kwa wazazi, michango ya misiba na harusi, na akiba ya dharura hata ikiwa ndogo. Jumla itakayopatikana ni namba yenu. Inaweza kuwa juu ya mshahara, na hapo mtajua pengo ni kubwa kiasi gani na nini cha kufanya. Inaweza pia kuwa chini kuliko mlivyodhani. Asiye na namba yake hutumia ya jirani: hupima maisha yake kwa gari la mwenzake, na kwa kuwa siku zote yuko jirani mwenye gari zuri zaidi, kipato chochote humpungukia. Mwenye namba anaweza kudai kilichopungua bila kunung'unika ovyo, na anaweza kutambua siku alipofikia kinachotosha.

Baada ya namba, deni. Kanuni za utumishi zinataka makato yasimwache mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi, lakini wengi wameigeuza kinga hiyo kuwa mahali pa kuishi. Mkopo wa benki wa miaka kadhaa, makato ya asilimia 15 ya bodi ya mikopo ya elimu ya juu, halafu nje ya hati ya mshahara ikafuata mikopo ya mtaani iitwayo kausha damu, ambapo mtu huacha hadi kadi yake ya benki mikononi mwa mkopeshaji. Aliyefika hapo asishauriwe kutafuta maana; ashauriwe kutoka. Mwili wake uko wodini au darasani, akili iko kwa mdai. Kopa kwenye SACCOS unayoijua hesabu zake, kopa kwa kitu kitakachodumu kuliko deni lenyewe, na usikope kwa ajili ya sherehe. Vilevile usitundike matumaini yote kwenye mafao. Mwanachama wa PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, huchangia asilimia 5 na mwajiri asilimia 15, na kwa miaka mingi baadhi ya watumishi walipanga kujenga kwa mkupuo wa nusu ya mafao yao. Kisha kikokotoo cha Julai 2022 kikaweka mkupuo kuwa asilimia 33, na baada ya malalamiko makubwa, mwaka 2024 ukapandishwa hadi 40 kwa wale waliokuwa wakipata nusu. Kanuni ilibadilika watu wakiwa katikati ya safari, na hakuna wa kuahidi kwamba haitabadilika tena. Anayejenga kidogo kidogo akiwa kazini hatalazimika kuitazama ofisi yake ya miaka ya mwisho kama chumba cha kusubiria hundi.

Linabaki suala la kipato cha pili, ambalo washauri wengi hulikwepa kwa aibu. Hakuna aibu kwa mwalimu kufuga kuku au muuguzi kuwa na shamba la mpunga. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko mikali kwa viongozi: mishahara miwili marufuku, nyumba za kupangisha marufuku, hisa kwenye makampuni marufuku. Mwaka 1991 uamuzi uliofikiwa Zanzibar ukailegeza miiko hiyo, kwa kuwa hali ya maisha na uchumi ilikuwa imebadilika. Katazo la jumla halikudumu, lakini hofu iliyolizaa ilikuwa sahihi: mtu mwenye kipato cha pembeni anaweza kuanza kuitumia ofisi ya umma kukilisha. Kipimo rahisi ni hiki: je, biashara yako hunenepa pale huduma yako inapokonda? Kuku hawafaidiki mwalimu akifundisha vibaya. Lakini mwalimu anayewatoza wanafunzi wake mwenyewe masomo ya jioni hufaidika asubuhi akiacha mada nusu. Mhudumu wa zahanati mwenye duka la dawa upande wa pili wa barabara hufaidika kabati la zahanati likiwa tupu. Biashara ya aina hiyo huenda ikaleta fedha nzuri, ila huua maana kutoka ndani, kwa sababu humfanya mtu aombe kimyakimya kazi yake iharibike. Iache, hata kama sheria haijakufikia.

Sasa tuseme fedha imepewa mahali pake, si ya kutosha kabisa ila haipigi kelele usiku. Maana itoke wapi? Ushahidi unaelekeza kwanza kwa watu wanaoipokea huduma. Mwaka 2007 Adam Grant na wenzake walichapisha jaribio lililofanywa katika chuo kikuu cha Marekani, miongoni mwa wafanyakazi waliokuwa wakipiga simu kuomba michango. Ni kazi ya kuchosha, ya kukataliwa siku nzima. Kikundi kimoja kilikutanishwa kwa dakika chache na mwanafunzi aliyesoma kwa ufadhili uliotokana na michango hiyo. Kingine kilisoma barua yake tu, na cha tatu hakikuambiwa lolote. Mwezi mmoja baadaye, waliomwona mwanafunzi walikuwa wakitumia zaidi ya maradufu ya muda wao wa awali kwenye simu, na michango waliyokusanya ilikuwa imeongezeka kwa zaidi ya maradufu. Waliosoma barua na wasioambiwa kitu hawakubadilika. Mshahara wa wote ulibaki palepale. Kilichobadilika ni kwamba wachache walimwona kwa macho mtu ambaye kazi yao ilimfikia.

Watumishi wengi hawajawahi kupewa nafasi hiyo, kwa sababu huduma ilivyopangwa huwatenganisha na matunda yake. Mwalimu wa darasa la kwanza huwaachia wengine watoto kabla hajaona wamekuwa nani. Mkunga humwona mama kwa saa kumi na mbili, kisha basi. Bwana shamba hufundisha upandaji wa mistari Novemba na kuhamishiwa kata nyingine kabla ya mavuno. Basi uunganishe mwenyewe uzi huo uliokatika. Mwalimu aweke daftari moja la majina ya watoto aliowafundisha kusoma, na kila mwaka aulize habari za wachache. Akiwa na darasa la watoto 60 kila mwaka kwa miaka 35, daftari hilo litabeba majina 2,100. Mkunga apite kliniki ya watoto mara moja kwa mwezi awaone wale aliowapokea. Bwana shamba apige simu wakati wa mavuno aulize gunia ngapi zimetoka. Aliye ofisini, ambaye huona karatasi tu, achague jalada moja kila wiki alifuate hadi mwisho: huyu mstaafu ambaye hati zake zilikuwa zimekwama, amelipwa? Amy Wrzesniewski na Jane Dutton walipowachunguza wafanya usafi wa hospitali moja ya Marekani walikuta wengine wakieleza kazi yao kuwa ni kufagia na kupiga deki, na wengine wakijihesabu miongoni mwa wanaoponya wagonjwa. Hao wa pili walizungumza na wagonjwa, walijua nani hajatembelewa na ndugu, walipanga usafi usimsumbue aliyelala. Cheo chao kilikuwa kilekile. Upana wa kazi waliyokuwa wakiifanya ulitofautiana, na upana huo waliuchagua wao.

Chanzo cha pili cha maana ni ustadi, na hapa Tanzania ina mfano wa kujivunia. Mafunzo ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, yanayosisitiza kile kinachoitwa dakika ya dhahabu baada ya kuzaliwa, yalijaribiwa katika hospitali nane nchini, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikipungua kwa asilimia 47. Hakukuwa na mashine za mabilioni. Kulikuwa na mikono ya wakunga iliyojua kumkausha mtoto, kumsisimua na kumpa hewa kwa mfuko wa kupumulia bila kuchelewa. Yaliyotokea katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, yanafundisha zaidi. Mafunzo ya siku moja yaliwafanya wahudumu wafanye vizuri kwenye mwanasesere, lakini yale waliyokuwa wakiyafanya chumba cha kujifungulia hayakubadilika. Walipoanza mazoezi mafupi ya dakika chache, ya mara kwa mara, papo hapo kazini, vifo vya siku ya kwanza vikapungua kwa karibu asilimia 40. Kila mtumishi anayejua habari za semina na posho za semina atalielewa somo hilo bila mkalimani. Ustadi hukua kwa marudio ya kila wiki, na mtu anayeona mkono wake unazidi kuwa mzuri hana haja ya kuambiwa kazi yake ina maana. Kwa hiyo, ukifika mwaka wa kumi, pale kazi inapoanza kufanyika yenyewe bila wewe kufikiri, chagua jambo moja ambalo wenzako watakuja kukuuliza wewe: kufundisha herufi, kupata mshipa wa mtoto, kutambua magonjwa ya mahindi, kuandaa bajeti isiyorudishwa. Lifanyie zoezi kila wiki, kisha mfundishe mwingine mdogo kwako.

Msomaji makini atakuwa na pingamizi. La kwanza: kutafuta cheo na daraja si ni kusaliti moyo wa utumishi? Wengi huamini kwamba anayeipenda jamii na anayependa kupanda ni watu wawili tofauti. Zambia ilipima jambo hilo mwaka 2010 ilipokuwa inaajiri wahudumu wapya wa afya vijijini. Katika baadhi ya wilaya matangazo ya kazi yalisisitiza kusaidia jamii. Katika nyingine yalisisitiza nafasi ya kupanda na kuwa mtaalamu. Kazi na malipo vilikuwa sawa. Waliovutwa na nafasi ya kupanda waliifanya kazi vizuri zaidi: walizitembelea kaya kwa asilimia 29 zaidi, na afya ya watoto katika maeneo yao ikaimarika. Tena waliochaguliwa hawakuwa na moyo mdogo wa kuijali jamii kuliko wenzao. Kwa hiyo soma, omba nafasi, fuatilia daraja lako. Kuwa na hamu ya kukua hakukunyimi sifa ya utumishi. Angalia tu ngazi unayopanda isikupeleke mbali na kile unachokifanya vizuri. Mwalimu hodari anayekimbilia ofisi ya halmashauri kwa ajili ya posho za safari huenda akafika na kukuta ameacha nyuma kitu pekee kilichokuwa kikimpa nguvu ya kuamka.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mazungumzo haya ya maana ni silaha ya mwajiri. Mtu akishaambiwa kazi yake ni tukufu, huona haya kudai malimbikizo. Pingamizi hili lina ushahidi. Mwaka 2009 Stuart Bunderson na Jeffery Thompson walichapisha utafiti juu ya watunzaji wa bustani za wanyama, kazi yenye wasomi wengi na malipo duni. Walioiona kazi yao kuwa ndiyo waliyozaliwa kuifanya walikuwa tayari kutoa muda wao bila malipo na kuikubali hali ngumu. Lakini haohao ndio waliokuwa na shaka kubwa zaidi kwamba uongozi unautumia upendo wao. Walikuwa na sababu. Na si watunzaji wanyama peke yao: nchini Kenya madaktari wa hospitali za umma waligoma kwa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakidai utekelezaji wa makubaliano yaliyosainiwa mwaka 2013. Wagonjwa maskini waliumia, na hilo halifichiki. Lakini makubaliano yaliyokaa miaka mitatu bila kutekelezwa yalikuwa nayo yakiwaumiza watu polepole, kwa madaktari waliohama na zamu zisizo na mtu. Jibu langu ni kwamba kudai haki ni sehemu ya utumishi, na anayeipenda kazi yake ana sababu mbili za kudai: yake mwenyewe na ya yule atakayehudumiwa na mtu aliyechoka. Jiunge na chama cha wafanyakazi, hudhuria vikao, dai kwa maandishi, tunza nakala. Ogopa kitu kimoja tu: kungoja haki zote zilipwe ndipo uanze kuifanya kazi vizuri. Ukingoja hivyo, utakuwa umemkabidhi mwajiri mbaya mshahara wako na maana ya maisha yako pia.

La tatu hutolewa kila anapotajwa shujaa: je, sote tunatakiwa kujitoa kama yeye? Peter Tabichi, mwalimu wa sayansi wa shule ya Keriko huko Njoro nchini Kenya, alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019, na ilifahamika kwamba alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia wahitaji. Tabichi ni bruda wa Kifransisko; hana mke wala watoto wa kusomesha. Kumtaka mama wa watoto wanne aige asilimia 80 ni dhuluma iliyovikwa sifa. Wa kuigwa ni Tabichi wa kawaida zaidi, yule anayekwenda nyumbani kwa mwanafunzi aliyeacha shule kujua kimetokea nini, na anayeanzisha klabu ya sayansi mahali ambapo intaneti inasuasua. Mashujaa tuwatazame kwa mazoea yao, tuziache sadaka zao ziwe zao.

Na itakuwaje kwa yule ambaye, baada ya yote hayo, kazi yenyewe imebaki mkate tu? Hilo nalo lina heshima. Shaaban Robert aliajiriwa kuwa karani wa forodha mwaka 1926, akaitumikia serikali ya kikoloni katika idara mbalimbali kwa zaidi ya miaka thelathini, akiwa chini ya wakubwa ambao wengi wao hakuna anayewakumbuka leo. Ukarani ulimlisha, mashairi na insha alizoziandika nje ya saa za kazi ndizo zilizokuja kuwa utumishi wake mkubwa. Kwaya, timu ya vijana, msikiti, ukoo, shamba la miti, lugha: kuna mengi ya kutumikia nje ya ofisi, mradi saa za ofisi zifanyiwe kazi kwa uaminifu. Na wapo wanaopaswa kuondoka kabisa. Julius Nyerere alipotakiwa mwaka 1955 kuchagua kati ya kufundisha shule ya Pugu na kukiongoza chama cha TANU, aliacha ualimu, na watu wakaendelea kumwita Mwalimu hadi alipofariki. Kuacha ajira hakukumwondoa kwenye utumishi.

Yote haya yahitaji siku ya kujihesabu. Mara moja kwa mwaka, ukiwa likizo na akili imetulia, jiulize mambo matatu na uyaandike majibu yake. Je, deni langu limepungua na namba yetu ya kutosha imekaribia? Naweza kutaja kwa jina watu watano ambao mwaka huu kazi yangu iliwafaa? Kuna kitu ninachokifanya vizuri leo kuliko mwaka jana? Mwenye ndiyo tatu na abaki, asione haya mbele ya wenye magari. Mwenye ndiyo moja au mbili anajua mwaka ujao ashughulikie nini. Aliyeandika hapana tatu kwa miaka mitatu mfululizo asisubiri 60: aombe uhamisho au kitengo kingine, aongeze elimu, au aage kwa heshima akatumikie kwingine, kwa sababu anayebaki kwenye kiti asichokipenda humlipisha gharama hiyo mtoto, mgonjwa na mkulima wasiokuwa na kosa lolote.